Wahopi au Wanavajo? Nyumba mbili za mama, ugomvi wa namna mbili

Mdogo wangu alipotakiwa kuandika tasnifu kuhusu mvutano wa wanaume na wanawake katika jamii zinazofuata ukoo wa mama, msimamizi wake alimwambia mfano wa Waluguru umeshachosha, atafute wa mbali. Akaenda maktaba, akakuta rafu ya Wanavajo imejaa na ya Wahopi ina vitabu vichache, akabeba Wanavajo. Alipofika sura ya tatu akanipigia simu: "Kaka, hawa watu hawagombani ndani ya nyumba. Wanahama tu."

Kosa lake ni rahisi kulifanya. Wahopi na Wanavajo ni makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, na wote wako kaskazini mashariki mwa Arizona. Ardhi ya Wahopi, iliyotengwa kwa amri ya Rais Chester A. Arthur mwaka 1882, leo imezungukwa pande zote na ya Wanavajo. Wote huhesabu ukoo kwa mama, na kwa wote desturi ya kawaida ni mume kuhamia upande wa mke. Mtu akisoma kurasa mbili za utangulizi ataona yeyote anafaa. Nayaandika haya kwa ajili ya anayesita kati ya hao wawili, na nazungumzia maisha ya jadi, zaidi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Leo Mhopi ana nyumba ya matofali ya saruji na lori mlangoni kama watu wengine.

Nyumba yenyewe

Wahopi ni watu wa mjini, hata kama mji wenyewe una watu mia chache. Vijiji vyao vya kale, kama Walpi, Shungopavi na Oraibi, viko juu ya mesa tatu, yaani vilima virefu vyenye vilele bapa, na mashamba yako chini bondeni. Mengine yako mbali hata mwanamume huondoka alfajiri akikimbia ili jua lisimkute njiani. Nyumba ni za mawe, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na paa la huyu ni baraza ya yule wa juu. Kila nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke. Binti akiolewa huongezewa chumba ubavuni mwa mama yake, au juu yake. Aliyewahi kupita vichochoro vya Lamu akaona wikio lililovuka njia kuunganisha nyumba ya wazazi na ya binti yao ataelewa haraka zaidi kuliko niwezavyo kueleza.

Wanavajo ni wafugaji wa kondoo waliotawanyika. Hogani, nyumba yao ya magogo na udongo yenye mlango unaotazama mashariki, husimama peke yake. Mama ana yake, binti aliyeolewa ana yake, na kati yao kuna nafasi ya kuona moshi wa mwenzako bila kusikia anachosema.

Hoja yangu yote iko hapo. Urithi ni uleule, ukuta si uleule. Ukijua mtu akikasirika anaweza kwenda wapi, na kwa miguu au kwa farasi, umeshaijua nusu ya ndoa yake.

Nani mwenye mali

Kwa upande wa Wahopi kuna waraka mmoja unaotosha kuanzia. Mwaka 1894 serikali ilikuwa inataka kuwagawia ardhi vipande vipande, kila mkuu wa kaya chake. Wakuu 123 wa vijiji, koo na vyama vya ibada wakapeleka barua Washington, wakiweka alama za koo zao mahali pa sahihi. Walieleza kwamba kwao ukoo hufuata mama, kwa hiyo mali ya kaya ni yake. Mwanamume hujenga nyumba, ila mwenye nyumba ni mwanamke kwa kuwa ndiye anayeikarabati na kuitunza. Mwanamume hulima, ila mavuno huyakabidhi kwa mwanamke, maana chakula na akiba viko juu yake. Wakamalizia kwamba familia, nyumba na shamba havitengani, kwa sababu mwanamke ndiye moyo wa hivyo vyote.

Ona walioandika ni akina nani: wanaume. Wanaitetea haki ya wake na dada zao mbele ya serikali iliyodhani inawapa wao kitu. Mpango ule haukukamilika kwao.

Turudi kwenye yale mavuno. Mahindi yakiwa bado shambani ni jasho la mume. Yakivuka kizingiti ni ya mke, yanapangwa ghalani safu kwa safu kama kuni, na mume hana tena kauli juu yake. Fikiria mwanamume ambaye mama yake na dada yake wako mlango wa nne kutoka hapo, nao wanahitaji chakula kama watu wote. Amelima msimu mzima kwenye shamba la ukoo wa mkewe, na jioni anakwenda kumsalimu mama yake mikono mitupu. Mvutano wa kwanza ni huo.

Mume wa Kihopi naye ana vyake: kondoo, farasi, na ufumaji. Ndiyo, kwa Wahopi anayefuma ni mwanamume. Kwa Wanavajo anayefuma ni mwanamke, na blanketi lake likifika dukani fedha ni yake. Huko mifugo ina wenyewe mmoja mmoja: kondoo wa mke wana alama yao ya sikio, wa mume wana yao, hata mtoto mdogo ana wake wachache. Kijana aliyeoa karibuni mara nyingi huwaacha kondoo wake kwenye kundi la mama yake mpaka ndoa ionyeshe dalili ya kudumu. Busara ya mfugaji hiyo. Mhopi hana namna ya kuweka akiba hivyo kwa jasho lake la shambani, kwa sababu jasho hilo ni mahindi, na mahindi yameshaingia ndani.

Harusi, na tope

Hapa Wahopi wanawaacha majirani zao mbali. Harusi ya Kinavajo ni nzuri na fupi: familia ya mume hutoa farasi au mifugo, na maharusi hula uji mzito wa mahindi kutoka kwenye kikapu kimoja, wakichota pande zake kwa mpangilio. Mtaalamu ataona mengi humo, lakini kwa swali la mvutano wa nyumbani utapata kurasa chache tu.

Bibi harusi wa Kihopi huanza kwa kwenda kwa mama wa mume, na anakwenda kusaga. Siku kadhaa yuko magotini mbele ya jiwe, anasaga mahindi meupe na ya bluu. Mama mkwe anamsikiliza kutoka chumba cha pili, na kila jirani anayepita anajua mlio wa jiwe la mtu hodari na la mtu mvivu. Alfajiri ya mwisho nywele za maharusi huoshwa pamoja kwa povu la mzizi wa mmea uitwao yuka, zikachanganywa kuwa fundo moja. Baada ya hapo baba wa mume na ndugu zake wa kiume hukaa kwenye mitambo ya kufumia kwa majuma, wakitengeneza majoho mawili meupe ya pamba na mshipi mrefu wenye nyuzi zinazoning'inia. Bibi harusi hubaki ukweni mpaka yaishe, ndipo arudi kwao amevaa moja na kubeba jingine. Mume hufuata baadaye.

Katikati ya haya mashangazi wa bwana harusi, dada za baba yake, huivamia nyumba ya mama yake wakiwa na ndoo za tope. Wanawapaka wanawake wa nyumba ile, wanawarushia, wanamtukana bibi harusi kwamba ni mvivu, sura mbaya, hajui kupika, na amewanyang'anya mpenzi wao. Wote wanacheka, na wote wamelowa. Kwa Wahopi shangazi na mtoto wa kaka yake wana utani wa maisha. Shangazi ndiye aliyemwosha kichwa akiwa na siku 20 na kumpa jina la upande wa ukoo wa baba, kwa hiyo ana haki ya kujifanya mke aliyeachwa.

Nimelitaja tope kwa kirefu kwa sababu ndilo linalomfaa mtafiti. Katika jamii inayosifiwa kwa upole, ambayo hata jina lake kwa lugha yao linabeba maana ya watu wenye adabu na amani, kuna siku moja ambapo wanawake wanaruhusiwa kusema kwa sauti kwamba mtoto wa kiume akioa kuna nyumba inayompoteza.

Mume akikasirika

Mume wa Kihopi akigombana na mkewe ana mahali pawili pa kwenda, na vyote viko hatua chache. Cha kwanza ni kiva, chumba cha chini ya ardhi chenye ngazi inayotokea juu ya paa, ambako wanaume hufanya ibada, hufuma na kupiga soga. Cha pili ni nyumba ya mama yake au dada yake. Huko ndiko kwao hasa. Huko ndiko vifaa vya ibada vya ukoo wake vilipo, ndiko anakokula siku za sherehe, na watoto wa dada yake ndio anaowajibika kuwakemea. Watoto wake mwenyewe huwadekeza, kwani wao wana wajomba zao wa kuwatia adabu. Ukimwangalia nyumbani kwa mkewe, baba wa Kihopi ni mgeni anayeheshimiwa na kupendwa. Ukimwona kwa dada yake ni mtu wa kukunja uso.

Kwa hiyo kuondoka hakugharimu kitu. Talaka zilikuwa nyingi, na hazikuhitaji baraza: mume akichukua vitu vyake na kulala kwa mama yake, au mke akimtolea vitu hivyo nje, imekwisha. Watoto, nyumba na ghala havikutikisika. Don Talayesva wa Ukoo wa Jua, aliyezaliwa Oraibi mwaka 1890 na maisha yake kuchapishwa mwaka 1942, anasimulia magomvi yake ya ndoa bila aibu, na msomaji anaona waziwazi jinsi mwanamume alivyoishi na mguu mmoja kila upande.

Kwa Wanavajo ishara ni tandiko la farasi: mke akiliweka nje ya hogani, mume akirudi anaelewa. Ila kwao ni mwendo wa farasi, pengine siku nzima. Ndiyo maana maamuzi yao ni machache na mazito zaidi, na wana njia nyingine za kupumua. Wanandoa wanaweza kuhamia upande wa mume malisho yakiwa bora huko, au kujitenga na pande zote mbili. Zamani mwenye mali aliweza kuoa dada wawili, jambo ambalo kwa Wahopi halikuwapo. Mjomba wa Kinavajo naye ana heshima yake, ila fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mama mkwe

Katika mambo yote ya kulinganisha, hili ndilo ninalolipenda. Kwa Wanavajo wa jadi, mume na mama mkwe hawatazamani kabisa. Wakitazamana, inasemekana macho yatapofuka. Mama akisikia mkwewe anakuja, hutoka upande mwingine au hujifunika blanketi. Mkwe naye hukohoa kwa mbali. Watu walioachana umbali wa moshi wanaweza kuishi hivyo miaka 40.

Kwa Wahopi mwiko huo usingewezekana hata wakiutaka. Mama mkwe ndiye mwenye nyumba. Mume anakula mbele yake, analima shamba lake, na asubuhi akichelewa kuamka ni yeye wa kwanza kumwona. Wanavajo wameitatua shida ya mkwe kwa kuikatia njia. Wahopi wameitatua kwa kazi: mume hodari shambani hupendwa na mama mkwe, wakati mwingine kuliko anavyopendwa na mkewe. Asiye hodari husikia maneno, na maneno ya Wahopi hayapigwi kelele. Yanasemwa chinichini mpaka kijiji kizima kimeyajua.

Wasioweza kuondoka

Wengi wakiandika kuhusu Wahopi hubaki kwenye mume na mke, na nadhani wanakosea. Mume ana pa kwenda. Wanaokosa pa kwenda ni wanawake: mama, mabinti, dada, watoto wao wa kike, wote chini ya paa moja tangu kuzaliwa hadi kufa. Wahenga wa kwetu wanajua kuhusu vyombo vya kabati moja.

Aliyebanwa zaidi ya wote ni binti anayekaribia kuolewa. Kaka yake wa rika hilo yuko huru: analala kiva, anazurura usiku, hana haraka ya mke kwa sababu nyumba ya mama yake ipo siku zote. Binti nywele zake zimesokotwa duara mbili pande za kichwa kutangaza kwamba hajaolewa, na mchana kutwa yuko ndani anasaga. Nyumba inahitaji mwanamume wa kulima, baba anazeeka, na atakayemleta ni yeye. Alice Schlegel, mwanaanthropolojia aliyewachunguza sana Wahopi, alionyesha kwamba huo ndio wakati ambapo mama na binti hugongana zaidi: mama anamsukuma, binti hana uwezo wa kumlazimisha kijana yeyote. Linapingana na matarajio yetu. Jamii ambayo mwanamke ana nyumba, ghala na ukoo, humfanya msichana wa miaka 17 awe na wasiwasi kuliko kaka yake.

Halafu kuna urithi wa nyumba ya ukoo yenyewe, ile inayotunza vitu vitakatifu. Haigawanyiki vipande. Kwa kawaida inabaki kwa binti aliyekaa na mama uzeeni, na dada zake wanapanua vyumba vyao pembeni. Hapo uchungu unaweza kulala miaka mingi.

Usiende hadi kuandika kwamba "wanawake wanatawala", ndilo kosa la kawaida kwenye insha za Wahopi. Mkuu wa kijiji, kikmongwi, ni mwanamume, na cheo humwendea mdogo wake au mtoto wa dada yake. Ibada nyingi kubwa ziko mikononi mwa wanaume, ingawa wanawake wana vyama vyao kama Maraw na Lakon. Mama wa ukoo na kaka yake huamua pamoja. Schlegel aliona kwamba kwa Wahopi hakuna anayemtawala mwanamke, awe mume au kaka, na maneno hayo ni sahihi kuliko utawala wa kike.

Serikali ilipoingia

Kwa Wanavajo, habari iko wazi na ina tarehe. Kuanzia mwaka 1933 serikali iliwapunguzia mifugo kwa nguvu, ikidai ardhi inachakaa. Mbuzi wengi waliouawa walikuwa wa wanawake, na vibali vya malisho vilipokuja, vingi viliandikwa jina la mume kwa kuwa makarani walimhesabu yeye ndiye mkuu wa kaya. Kama tasnifu yako inahusu jinsi dola inavyogeuza nguvu ndani ya nyumba, acha kusoma hapa, chukua Wanavajo.

Kwa Wahopi jambo ni la ndani zaidi. Oraibi ilikuwa imegawanyika kwa miaka kati ya waliokubali shule na mambo ya serikali, chini ya Tawaquaptewa, na waliokataa, chini ya Youkeoma. Tarehe 7 Septemba 1906 wakachora mstari chini, wakasukumana, na upande wa Youkeoma ukasukumwa nje. Jioni ile wakaondoka na vitu walivyoweza kubeba, wakaenda kuanzisha Hotevilla. Wanaume wengi wa upande huo wakakamatwa muda mfupi baadaye, na majira ya baridi ya kwanza yakawakuta wanawake na watoto wakijitafutia wenyewe kuni na chakula.

Mstari ulichorwa na wanaume, waliosukumana ni wanaume. Waliopoteza nyumba ni wenye nyumba.

Uchague yupi

Swali lako likiwa mali, mifugo, dola, au ibada ya msichana kuvunja ungo (Kinaaldá yao ya siku nne ina mengi ya kuandika), Wanavajo watakupa zaidi, na vitabu havitakuishia. Gladys Reichard, aliyekwenda kuishi na familia ya Kinavajo miaka ya 1930 ili ajifunze kufuma, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Swali likiwa mvutano ndani ya kaya, chukua Wahopi, na usitishwe na rafu fupi. Mischa Titiev alikaa Oraibi miaka ya 1930 na kuhesabu nyumba moja moja. Helen Sekaquaptewa, aliyezaliwa hapohapo mwaka 1898, alisimulia utoto wake na kuondolewa kwao mwaka 1906 kwa sauti ya mwanamke, kitu ambacho Talayesva hawezi kukupa. Sharti moja tu: usijenge sura yako juu ya siri za kiva. Wahopi wamekataza kupiga picha ibada zao tangu zamani na hawapendi zichambuliwe na wageni. Kwa swali la nyumba huzihitaji.

Kuhusu kuwachukua wote wawili kwa tasnifu ya kurasa 60, sishauri. Mdogo wangu alijaribu kwa majuma mawili, akaishia na majedwali. Akawarudisha Wanavajo maktaba, akaanza upya na ile barua ya 1894. Sura yake ya tatu inaitwa "Kizingiti".